Fedha za Utafiti na Makapi ya Mkonge: Mazungumzo kwa Makatibu wa Vyama vya Msingi



Jani la mkonge lipitapo katika korona, singa ipatikanayo haizidi sana sehemu 4 katika kila 100 za uzito wake. Zilizosalia ni makapi na maji, ambayo kwa miaka mingi yamemwagwa mabondeni yakaoza na kuharibu vijito. Mkulima amelipalilia jani zima, lakini anauza sehemu hiyo ndogo tu.

Kwamba makapi hayo ni mali, jambo hilo limekwisha kuonekana. Huko Hale, mkoani Tanga, mwaka 2007 ulijengwa mtambo wa kuyageuza kuwa gesi. Makapi hufungiwa katika tangi lisiloingiza hewa, bakteria huyavunjavunja, na gesi itokayo huendesha jenereta ya umeme. Gharama zilichangiwa na Serikali, kampuni yenye shamba, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa wenye makao yake Amsterdam.

Milango ya fedha kwa kazi za namna hii ipo. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ina mfuko wake wa kugharimia utafiti. Mpango wa BioInnovate Africa, ulioanza Nairobi mwaka 2010 kwa msaada wa Sweden, huwataka wanasayansi washirikiane na wazalishaji. Hapo ndipo chama cha msingi kinapopata nafasi, kwa kuwa mtaalamu wa chuo kikuu anayo maabara lakini hana makapi. Mfuko wa Amsterdam nao siku hizi huelekea zaidi kwenye mikopo kuliko ruzuku. Basi Katibu asome masharti mpaka ukurasa wa mwisho kabla halmashauri haijatia sahihi. Deni la chama ni deni la wanachama.

Lakini chama kisichojua kina makapi kiasi gani kitaingiaje katika ushirika huo? Daftari la mizani huonyesha singa peke yake. Yafaa lifunguliwe daftari la pili: tani za majani yaliyoingia, siku ambazo korona ilisimama, maji yaliyotumika, na mahali yalikoelekea. Daftari hilo la miezi 12 lina uzito kuliko barua kumi za maombi, ambazo, kusema kweli, nyingi hufanana.

Mkutano mkuu nao uamue, na muhtasari uandikwe, mambo ambayo wageni hawapendi kuyataja mapema: kiwanja cha mtambo ni cha nani, matokeo ya utafiti yatamilikiwa na nani, umeme utauzwa kwa bei gani, na jenereta ikiharibika baada ya ruzuku kwisha, vipuri vitanunuliwa kwa fedha za mfuko upi.