ANTENA JUU YA PAA NA WAYA WA ARDHINI
(Maneno ya ndugu mmoja wa Reli katika mkutano wa tawi, Mombasa)



Wengi wetu siku za mapumziko huitwa Mji wa Kale, toka Ndia Kuu mpaka Kibokoni, kupandisha antena za televisheni na za intaneti. Kazi hii ni halali na husaidia nyumbani. Lakini huweza kuua kwa njia mbili: stima na radi.

Kwanza stima. Vichochoro ni vyembamba na nyaya hupita karibu na roshani. Kabla ya kuegemeza ngazi, pima mlingoti. Ukianguka upande wowote, utagusa waya? Kama utagusa, mahali hapo hapafai. Ngazi iwe ya mbao kavu, mafundi wawe wawili, na watoto waondolewe chini. Mlingoti ukikuponyoka, uache uanguke, usiurukie.

Pili radi. Radi moja huweza kuwa na nguvu ya ampea 30,000. Waya wa ardhini hauizuii, bali huipa njia ya kushuka nje ya nyumba. Mlingoti wa juu ya paa ufungwe waya wa shaba usiopungua milimita 16 za mraba, ushuke bila kona kali mpaka kwenye fimbo iliyopigwa ardhini. Wavu wa shaba ulio ndani ya kebo nao uunganishwe kabla kebo haijaingia nyumbani. Kisha fundi wa stima mwenye leseni aiunganishe fimbo hiyo na ile ya stima ya nyumba. Zikiachwa mbalimbali, radi huruka baina yake kwa kupitia vyombo, au mtu.

Msifunge waya kwenye bomba la maji. Mengi siku hizi ni ya plastiki. Tena upepo wetu una chumvi, hula viungo. Vikaguliwe kila mwaka kabla ya masika.

Mwenye nyumba atasema, "Fimbo ni gharama, fulani hufanya bila fimbo." Ndugu zangu, hapo ndipo penye umoja. Tukikataa sote, fimbo itahesabiwa katika bei ya kazi. Mmoja wetu akikubali, atakayeumia ni mpangaji wa orofa ya juu na watoto wake. Sisi wa Reli twajua: ishara nyekundu haipitwi kwa kuwa abiria wana haraka.