HESABU NI NJIA, SI JIBU PEKEE



Kila mwaka watoto wa darasa la 7 nchini Uganda, wakiwamo wale wa Katunguru kando ya Mfereji wa Kazinga, huketi mbele ya karatasi ya hesabu ya Baraza la Mitihani la Taifa, yaani UNEB. Karatasi hiyo huwaagiza waonyeshe njia ya hesabu zao katika nafasi iliyoachwa. Wazazi wengine huuliza: ikiwa jibu ni sahihi, njia ni ya nini?

Swali hilo si la kupuuzwa. Katunguru ni mahali pa wavuvi. Mtoto anayemsaidia mama yake kuuza samaki hujifunza mapema kujumlisha na kurudisha chenji kwa hesabu ya kichwani. Akifika darasani akanyimwa alama kwa kuwa hakuandika, huona kwamba akili yake imedharauliwa.

Lakini na itazamwe barabara itokayo Mbarara kwenda Kasese, ivukayo mfereji huo kwa daraja la Katunguru ndani ya hifadhi ya wanyama. Gari limekwenda kilomita 12 kwa dakika 8. Mwendo wake ni kilomita ngapi kwa saa? Mwanafunzi wa kwanza anaandika 80, basi. Wa pili anaandika 12 gawanya kwa 8, zidisha kwa 60. Kisha anateleza katika kuzidisha, naye anapata 80 badala ya 90. Wote wawili wamekosa. Hata hivyo, mwalimu anajua mahali pa kumsaidia wa pili. Kwa wa kwanza atabahatisha tu.

Askari anaielewa vema kanuni hii. Mtunza ghala amepokea risasi 1,200. Ametoa 350, kisha 275, kisha 180. Zimebaki 395. Akiandika 395 peke yake, na mkaguzi akahesabu 385, mtunza ghala ndiye wa kwanza kushukiwa. Lakini akiwa ameandika kila kilichotoka, pamoja na tarehe na sahihi ya aliyepokea, risasi 10 zilizopotea zitafuatwa hatua kwa hatua, na asiye na hatia atasalimika. Polisi naye apimapo ajali, mahakama itamwuliza vipimo vyake alivipataje.

Kwa hiyo njia na ionyeshwe. Walimu nao wana wajibu wao. Mtoto aliyefika kwa njia yake mwenyewe, iliyo sahihi, asiadhibiwe kwa kuwa haikufanana na ile ya ubaoni. Anayekokotoa kichwani aelezwe kwamba hakutukanwa. Aeleze kwa mdomo, kisha afundishwe kuyaandika aliyoyasema.

Na askari mwenye mtoto shuleni, arudipo nyumbani kwa likizo, asikague jibu tu. Hata simu siku hizi hutoa jibu. Amwambie mwanawe: "Nionyeshe ulikopita."