Saa 72 kwa Juma

Natuitazame kadhia moja: ile dhana ya kwamba Mchina ameumbwa kwa kazi, Mfaransa kwa likizo, na mtu wa pwani yetu kwa kukaa barazani. Kwanza, yafaa ijulikane kwamba katika kampuni nyingi za teknolojia za Uchina ilienea ada ya kufanya kazi tangu saa tatu asubuhi hata saa tatu usiku, siku 6 kwa juma, ambayo tajiri Jack Ma, mwaka 2019, aliisifu kuwa ni baraka. Hoja yake haikosi uzito, kwani kampuni hizo zilikua upesi na kuwatajirisha baadhi ya watumishi wake. Lakini, kwa upande wa pili, ni vijana hao hao wa Kichina, wanaodhaniwa kuwa hawachoki, waliolalamika hadharani mwaka ule ule kwamba mwisho wa ratiba hiyo ni chumba cha wagonjwa mahututi. Na Agosti 2021 mahakama ya juu kabisa ya nchi yao ikatamka kuwa ratiba hiyo ni kinyume cha sheria. Basi hiyo haikuwa tabia ya taifa, bali ni amri ya mwajiri. Nawe msikilizaji, unapomwita mwenzio mvivu kwa sababu ya mahali alipozaliwa, je, umepata kuiona kazi yake?