Kuimarisha Kitako cha Stelingi Boksi kwenye Pikapu Kongwe za Fowili

Mada kwa ajili ya semina ya mafundi wa magari na walimu wa ufundi



1. Utangulizi

Mada hii inahusu sehemu ndogo ya chesisi: pale stelingi boksi inapofungiwa. Mfano wangu ni Toyota Hilux zenye ekseli nzima mbele, hasa LN106 ya dizeli yenye injini ya 3L. Hilux ya kwanza ya fowili ilitoka mwaka 1979, na mpangilio wa ekseli nzima juu ya springi za mabamba uliendelea kwenye LN106 hadi miaka ya 1990. Gari la umri huo limeshabadilishiwa injini, giaboksi na hata bodi. Chesisi ni ileile, na uchovu wake wote limebaki nao.

Hoja yangu ni moja. Ufa kwenye kitako cha stelingi boksi unatuambia kwamba nguvu imekosa pa kupita. Anayechomelea ufa bila kuifungulia nguvu hiyo njia nyingine anauhamisha tu. Miezi michache baadaye utaonekana pembeni ya kiraka chake.

2. Nguvu inakopita

Kwenye Hilux hizi mkono wa pitimani, ule unaotoka kwenye stelingi boksi, hupiga mbele na nyuma, ukisukuma na kuvuta fimbo inayokwenda kwenye mkono wa gurudumu. Kila gurudumu linapogoma, labda kwa kukwama kwenye mfereji au kugonga jiwe, fimbo hiyo huirudishia boksi nguvu ileile kinyume. Kwa kuwa ncha ya pitimani iko mbali na ukuta wa chesisi, boksi haisukumwi tu, inapindwa pia.

Tuchukulie nguvu ya kilo 400 kwenye ncha ya pitimani, umbali wa sentimita 12 kutoka kwenye ukuta wa chesisi. Ikiwa bolti za mbele na za nyuma zimeachana sentimita 8, upande mmoja utavutwa kwa nguvu ya kilo 600, huku upande wa pili ukikandamizwa. Dereva akigeuza usukani upande mwingine, mvuto nao unahama. Bati la chesisi lenye unene wa milimita chache linanyumbulika kwenda na kurudi mpaka linachoka, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Ufa huanzia kwenye tundu la bolti, kwa sababu hapo bati limeshapunguzwa na nguvu imejikusanya.

Mazoea yetu huongeza mzigo: matairi makubwa kuliko ya kiwandani, springi zilizoinuliwa zikaifanya fimbo ilale kwa mwinamo mkali, na kugeuza usukani wa pawa gari likiwa limesimama kwenye mawe.

Tatizo si la Toyota peke yake. Nchini Marekani, pikapu za fowili za Chevrolet za 1973 hadi 1987 zinajulikana kwa kupasuka chesisi penye stelingi boksi. Kwenye Land Rover Defender, kiwanda chenyewe kiliweka fimbo ya kuishikilia boksi kwenye chesisi ili isicheze.

3. Uchunguzi

Osha sehemu hiyo kwanza, kwani tope na grisi huficha mengi. Gari likiwa chini na injini inaunguruma, mtu mmoja achezeshe usukani kushoto na kulia taratibu, wewe uweke kidole kwenye mwungano wa boksi na chesisi. Kidole kitasikia mchezo ambao jicho halijauona. Tafuta pia mstari mwembamba wa kutu nyekundu kwenye rangi: bati linalosuguana ndani ya ufa hutema unga huo.

Ukishatia shaka, vua boksi, kwangua rangi hadi chuma kitupu na utumie dawa ya rangi inayopenya kwenye nyufa. Angalia pia vibomba vilivyo ndani ya chesisi ambamo bolti hupita. Kibomba kikiachia, kila ukikaza bolti unaziminya kuta za chesisi, na baada ya muda bolti imelegea tena. Gari linaloletwa mara kwa mara kukaziwa stelingi boksi likaguliwe hapo kabla ya kushika spana.

4. Kuimarisha

Tenganisha betri, sogeza mabomba ya breki na ya mafuta, na usichomelee boksi ikiwa mahali pake, maana joto litaharibu sili zake.

Kwanza, toboa tundu la milimita 3 hadi 5 kwenye ncha halisi ya ufa ili usiendelee. Kata ufa kwa grenda uwe na umbo la V, chomelea hadi ndani, kisha sawazisha. Ukitumia elektrodi za 7018, ziwe kavu. Zilizonyonya unyevu huacha weldi inayopasuka yenyewe.

Pili, weka bamba la milimita 5 au 6 linalovuka eneo lote la bolti. Ncha zake zichongoke. Bamba la mraba lina weldi iliyosimama wima kukatisha chesisi, na ufa mpya huota hapohapo. Chomelea kingo zinazolala kwa urefu wa chesisi, ongeza weldi za kujaza matundu katikati ya bamba, na usichomelee kwenye kona za juu na za chini za chesisi.

Tatu, pitisha vibomba vipya vizito kutoka ukuta hadi ukuta, uvichomelee pande zote mbili. Fungia boksi kwa bolti mpya za daraja la 10.9, sehemu isiyo na nyuzi ndiyo ikae penye mwungano, na kipimo cha kukaza kifuate kitabu cha gari.

Nne, na hapa ndipo wengi huishia njiani: unganisha eneo hilo na upande wa pili wa chesisi kwa bomba zito la kukatiza, au kwa kiegemeo kinachofika kwenye krosimemba. Bamba husambaza nguvu kwenye ukuta mmoja tu. Kiegemeo ndicho kinachozuia ukuta huo usipindike. Hakikisha hakigusani na springi wala ekseli gari likibonyea hadi mwisho.

Bamba likikaa kati ya boksi na chesisi, boksi husogea kwa unene wake. Kagua kiungo cha shafti ya usukani, kisha pima alaimenti upya.

5. Mapendekezo

a) Kazi hii iandikwe kwenye kumbukumbu za gari, pamoja na unene wa bamba na daraja la bolti.

b) Gari lirudi gereji baada ya wiki chache za kazi, bolti zikaguliwe na rangi ichunguzwe kama ina mistari mipya.

c) Chesisi iliyooza kwa kutu kuzunguka boksi isiwekewe bamba. Weldi inahitaji chuma kizima cha kushika; pasipo hicho, kipande kizima kikatwe na kubadilishwa.

d) Mwenye gari akitaka kuchomelewa ufa peke yake ili apunguze gharama, fundi akatae. Ufa ukifunguka njiani ni usukani unaokatika, na abiria wa nyuma hawakushirikishwa katika kupunguza gharama hiyo.