Nyumba Iliyofagiwa Ikabaki Tupu

Mahubiri ya Dominika kwa wanafunzi na wazazi wao
Masomo: Mt 12:43-45; 1 Kor 6:12



 Leo tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, kwa sababu jina lake ni mchezo.

Tumfikirie kijana mmoja wa Likombe. Hatumpi jina, maana aweza kuwa wa nyumba yoyote. Yuko kidato cha nne. Ni mwezi wa Oktoba. Minada ya korosho imeanza, na fedha kidogo imeingia nyumbani. Mama amempa ya kununulia madaftari. Mtihani wa taifa ni Novemba. Saa kumi alasiri kijana anatoka na begi mgongoni, akisema anakwenda kujisomea kwa mwenzake. Njiani kipo kibanda cha gemu. Ndani mna runinga, mashine ya PlayStation, na benchi lililojaa wenziwe. Anajiambia: mechi moja tu. Adhana ya magharibi inamkuta humo, na kengele ya kanisa inamkuta humo. Anapotoka ni usiku, mfuko mtupu, begi halijafunguliwa. Njiani anaapa: kesho sirudi. Na kesho anarudi. Siku asipokuwa na fedha, simu ya kaka yake inamtosha. Anajifunika shuka na kucheza hadi saa nane za usiku.

Ndugu wapendwa, kiapo kile cha njiani kilikuwa cha kweli. Kijana hakudanganya. Mbona basi hakikusimama?

Bwana wetu anatujibu kwa mfano. Anasimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, akazunguka mahali pakavu asipate pa kupumzika, kisha akaamua kurudi alikotoka. Aliporudi aliikuta nyumba imefagiwa na kupambwa, lakini haina mtu. Basi akaenda kuwachukua wenzake saba walio waovu kuliko yeye, wakaingia wakakaa. Tuangalie vizuri: nyumba ile haikuwa chafu. Kosa lake lilikuwa moja tu, ilikuwa tupu. Kiapo cha kijana wetu kilikuwa ufagio. Ufagio ni chombo chema, lakini ufagio haukai ndani ya nyumba badala ya mwenye nyumba.

Kabla ya kuendelea, tusije tukawaonea vijana. Kucheza si dhambi. Mtakatifu Thoma wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa wa karne ya 13, anafundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na mchezo ni pumziko lake. Anakumbusha hadithi ya kale ya Mtume Yohane, ambaye watu walishangaa kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwuliza mmoja wao aliyebeba upinde kama aweza kupiga mshale baada ya mshale bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho, akasema Yohane, isipolegezwa kamwe. Wazee wetu nao hucheza bao chini ya mwembe, na hatuwafukuzi.

Lakini upinde uliolegezwa siku zote hauui hata panya. Mtume Paulo anawaandikia Wakorinto kwamba hata katika yale anayoruhusiwa, hatakubali kutawaliwa na kitu chochote. Hapo ndipo penye mpaka. Swali si kama mwanafunzi anacheza, bali ni nani anayemtawala mwenzake: kijana anautawala mchezo, au mchezo unamtawala kijana?

Hata waganga wa mwili wameona mpaka huo. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022, na ndani yake umo uraibu wa michezo ya video. Dalili zake ni tatu. Mtu hushindwa kujizuia: kuanza, kuacha, na muda wa kucheza havimo tena mikononi mwake. Mchezo hutangulia mambo yote mengine ya maisha. Na hata madhara yanapoonekana wazi, mtu huendelea vilevile au huzidisha. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu kama miezi kumi na miwili. Shirika hilohilo linasema kwamba wanaofikia hapo ni sehemu ndogo tu ya wachezaji. Kwa hiyo, wazazi, msimwite mtoto mgonjwa kwa sababu alicheza Jumamosi moja. Wala msiseme ni utoto tu, mkiona dalili hizo tatu zimekaa mwaka mzima.

Je, mchezo unamshikaje mtu? Mvuvi wa mshipi analijua jambo hili. Kama samaki angekula chambo kila mara, mvuvi angejaza kikapu na kwenda nyumbani. Kama asingekula kamwe, angeondoka mapema. Lakini samaki huja mara moja moja, bila kutabirika. Kwa hiyo mvuvi husema: nitupe mara moja tena. Michezo mingi imetengenezwa kwa hesabu hiyo. Zawadi huja bila kutabirika, ngazi hufuatwa na ngazi, na mwisho haupo. Mvuvi anarudi na kitoweo. Kijana wetu anarudi na nini?

Ipo pia sababu nyingine, iliyo ya ndani zaidi. Katika shule zetu za serikali mtoto husoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza. Wapo wanaovuka salama. Wapo wanaozama kimyakimya. Mtoto anaketi nyuma, haelewi, anaona haya kuuliza. Jioni anaingia kibandani, na humo anaelewa kila kitu. Shuleni ni wa mwisho. Kibandani ni bingwa, watu wanalijua jina lake. Tumejiuliza mara ngapi kama mtoto aliuacha mtihani kwa sababu ya mchezo, au aliukimbilia mchezo kwa sababu ya mtihani? Sisi tuliokabidhiwa neno la Mungu tumevikemea vibanda mara nyingi. Ni mara chache tulimwuliza kijana: unakimbia nini? Katika hilo tunakiri upungufu wetu mbele yenu.

Sasa tumsikilize mwanafunzi mmoja wa Afrika wa karne ya nne. Jina lake Alypius, mzaliwa wa Tagaste, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Habari zake anatusimulia rafiki na mwalimu wake, Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake cha Maungamo. Alypius alikuwa kijana mwenye akili, lakini kule Karthago alinaswa na michezo ya uwanjani, akawa anapoteza humo siku zake. Siku moja Augustino, akiwa anafundisha, alitoa mfano wa kuwacheka waliotekwa na michezo hiyo, bila kumkusudia Alypius. Kijana alilipokea neno lile kama lake. Hakumkasirikia mwalimu, alijikasirikia mwenyewe, akauacha uwanja. Nyumba ikafagiwa.

Baadaye Alypius alikwenda Roma kusoma sheria. Siku moja marafiki zake wakamkokota kwenda kutazama mapigano ya watu ya kuuana. Alikataa, kisha akawaambia kwamba mwili wake wataufikisha, ila macho na roho yake hawatayapata. Akaketi, akafumba macho. Ghafula umati ukapiga kelele. Alypius akafumbua macho, akatazama, akalewa. Tangu siku hiyo alirudi tena na tena, tena akiwavuta wengine. Augustino anasema kosa lake lilikuwa kujitegemea mwenyewe. Pepo alirudi akaikuta nyumba safi, na tupu.

Lakini habari haikuishia hapo. Alypius aliendelea na masomo yake, akamtafuta Mungu pamoja na rafiki yake, na Pasaka ya mwaka 387 wote wawili walibatizwa huko Milano. Hatimaye akawa askofu wa mji wake wa Tagaste. Kijana aliyeanguka mara ya pili hakuwa amekwisha. Tunataka kila mwanafunzi anayetusikiliza alishike neno hili.

Basi wazazi, tunapovunja simu, tunapochapa viboko, tunapofunga mlango, tunafagia tu. Hata mataifa makubwa yamejaribu kufagia. Mwaka 2011 Korea Kusini iliwakataza walio chini ya miaka 16 kucheza michezo ya intaneti tangu saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mwaka 2021 serikali yake ikatangaza kwamba itaiondoa sheria hiyo. Sheria yaweza kulinda mlango, lakini kuijaza nyumba ni kazi nyingine. Tuijaze kwa nini?

Kwanza, kwa ukweli. Kijana, chukua daftari. Kwa juma moja andika kila siku umecheza saa ngapi na umesoma saa ngapi. Usimwoneshe mtu, mwoneshe Mungu jioni, katika sala yako. Kisha mtafute mtu mmoja mzima unayemwamini, umweleze. Jambo lililotajwa hupungua nguvu.

Pili, kwa utaratibu. Somo litangulie, mchezo ufuate. Tenga saa ileile kila siku, na uanze na kidogo: nusu saa ya hesabu, mapumziko mafupi, kisha nusu saa nyingine. Haba na haba hujaza kibaba. Simu isilale chumbani pamoja nawe. Ilale kwa mama. Na mchezo upewe mpaka wake. Mtakatifu Carlo Acutis, aliyezaliwa London mwaka 1991 na kukulia Milano, alikuwa na PlayStation kama vijana wengine. Alijiwekea mpaka wa saa moja kwa juma. Aliweza kwa sababu nyumba yake ilikuwa na mwenyewe: alikwenda Misa kila siku, aliwasaidia maskini, na kompyuta aliigeuza chombo cha kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Alifariki kwa kansa ya damu tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na miaka 15, na Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Aliyeaminika kwa mambo madogo alifika mbali.

Tatu, kwa wenzi. Alypius aliangushwa na marafiki, akainuliwa na rafiki. Kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa tunasema na parokia na vigango vyetu, na hasa ninyi makatekista. Ukumbi wa kanisa unaofungwa kufuli Jumatatu hadi Ijumaa ni nyumba iliyofagiwa ikabaki tupu. Tufungue milango jioni, tuweke taa na meza. Wamo kati yetu walimu wastaafu na wanafunzi wa vyuo. Wawakalishe vidato vya kwanza, wawafafanulie lile ambalo hawakulielewa darasani. Uwanja nao uwe na mpira. Mtoto anayesifiwa ukumbini hatahitaji kusifiwa kibandani peke yake. Na zile dalili tatu zikiwa nzito, msione haya kuwaendea wahudumu wa afya, kwa mfano katika Hospitali ya Ligula. Anayepelekwa hospitali kwa malaria hatumcheki.

Nne, kwa mfano wetu wakubwa. Augustino anakumbuka kwamba akiwa mtoto alipigwa na walimu kwa kupenda mpira, huku michezo ya watu wazima ikiitwa shughuli. Baba anayemchapa mwanawe kwa ajili ya gemu, na mfukoni mwake umo mkeka wa kubeti ulionunuliwa kwa fedha ya korosho, amefundisha nini? Tuanze kufagia kwetu.

Wapendwa, yule kijana wa Likombe bado yuko njiani, usiku, na begi lake mgongoni. Ataapa tena usiku wa leo. Tusimcheke kwa kiapo chake, wala tusimwachie peke yake. Akifika nyumbani akute taa inawaka, chakula kimefunikwa, na mtu anayemwuliza kwa upole: umeshindwa wapi katika somo, tukusaidie? Hapo pepo atakaporudi ataikuta nyumba ina watu, na Bwana yu katikati yao.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekaa kati ya walimu hekaluni ukisikiliza na kuuliza, uwajalie wanafunzi wetu furaha ya kujifunza na uhuru wa kucheza. Waliofungwa uwafungue, walioanguka uwainue. Nasi utupe moyo wa kuwangoja mlangoni. Amina.

Maswali kwa jumuiya ndogo ndogo
1. Katika mtaa wetu vijana wana mahali gani pa kusomea jioni?
2. Nani kati yetu aweza kutoa saa mbili kwa juma kuwasaidia wanafunzi?
3. Ni mchezo au mazoea gani yanayotutawala sisi wakubwa?