Mtoto Mgongoni, Cherehani Mbele: Vyuo vya Ufundi vya Madhehebu na Wasichana wa Tunduma

Ndugu wachungaji, masista, mashehe na walimu wa ufundi,

Naomba nianze na fomu. Fomu za kujiunga na vyuo vya ushonaji na upishi nilizowahi kuzishika huuliza dhehebu, jina la mchungaji au katekista, na mwaka wa kumaliza darasa la saba. Sijaona hata moja inayouliza: una mtoto? Bado ananyonya? Ukiwa darasani atabaki na nani?

Hapa Tunduma swali hilo ndilo la kwanza. Sensa ya 2012 iliukuta mji huu haujafikisha watu 100,000. Ya 2022 ikaukuta umepita 200,000. Umekuzwa na mpaka wa Tanzania na Zambia, barabara kuu iendayo Zambia na reli ya TAZARA. Malori ya Lusaka na Lubumbashi hulala hapa, na panapolala lori hutakiwa chakula, kitanda na bia. Anayevileta mezani mara nyingi ni binti aliyeshuka kutoka vijiji vya wilaya za Momba, Ileje au Mbozi, aliyeacha shule kwa sababu ya mimba au kuozwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aozwe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016 kwamba hilo ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo 2019, lakini aliyekwisha kuozwa ameshakuwa mama.

Kweli, tangu 2021 Serikali imeruhusu waliokatizwa masomo na mimba warudi shuleni. Wapo wanaorudi, na tuwashangilie. Lakini binti wa miaka 19 anayelipa kodi ya chumba na kumnunulia mwanawe uji hana miaka minne ya kusubiri cheti cha sekondari. Huyo anahitaji ufundi, na anauhitaji karibu na anapolala.

Madhehebu yana historia ndefu katika kazi hii. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, kisha wakaenea hadi Mbozi. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda walitoa maseremala na waashi ambao majengo yao yamesimama mpaka leo. Ila tukubali jambo moja: mvulana alifundishwa randa ili ajipatie riziki, msichana akafundishwa sindano ili awe mke mwema. Mabaki ya fikra hiyo bado yamo katika mitaala yetu. Tunatumia miezi kutarizi vitambaa vya mezani ambavyo hakuna anayevinunua sokoni.

Yupo aliyefanya vingine. Sista Rosemary Nyirumbe alipokabidhiwa kituo cha ushonaji cha Mtakatifu Monika mjini Gulu, Uganda, mwaka 2001, aliwapokea wasichana waliotoroka mikononi mwa waasi wa Lord's Resistance Army (LRA), wengi wakiwa na watoto waliozaliwa msituni. Hakuwataka wawaache watoto kwanza. Mama aliingia na mwanawe, na malezi ya mtoto yakawa sehemu ya chuo. Baadaye wakashona mikoba kwa vishikizo vya makopo ya soda, ikauzwa hadi Marekani. Wengi husimulia mikoba. Mimi nashikilia watoto: bila mahali pa kuwalaza, mama zao wasingekaa kwenye cherehani hata wiki moja.

Mikoba ya Gulu tusiiige. Ukishona gauni la kawaida Tunduma unashindana na mitumba, na mitumba itakushinda kwa bei. Tutazame barabara yetu. Maturubai ya malori huchanika, viti vya madereva huchakaa, gesti zinataka mashuka na mapazia, shule zinataka sare. Mwalimu wa ushonaji awapeleke wanafunzi kwenye maegesho ya malori wakapime turubai, hata kama cherehani ya kazi hiyo ni nzito zaidi na ni ghali.

Kuhusu cheti nitasema kwa ufupi. Mafunzo ya ufundi stadi yana mamlaka yake kisheria, VETA, tangu 1994. Chuo kisichosajiliwa kinampa binti karatasi yenye muhuri wa kanisa, ambayo mwajiri wa Mbeya haitambui. Tusajili.

Na imani? Binti aliyefanya kazi baa amekwisha kuhubiriwa sana, mara nyingi na watu waliomtazama kwa dharau. Asidaiwe toba mlangoni. Apewe tepu ya kupimia, aitwe kwa jina lake, na ibada ya asubuhi aikute wazi kama dirisha.

Pendekezo langu ni dogo, na linaweza kuanza muhula ujao: kila chuo kitenge chumba kimoja karibu na darasa la ushonaji, chenye mikeka, vyandarua na maji ya kunawa, na mama mmoja wa makamo alipwe kuwaangalia watoto. Kisha tuandike upya fomu, swali la mtoto likitangulia lile la dhehebu.