Mama Amejifungua na Maziwa Hayaji: Ubongo, Homoni na Damu Inayopotea

(Haya ni mazungumzo ya muuguzi mkunga wa kitengo cha afya ya uzazi, aliyoyatoa katika kikao cha mafunzo ya wahamasishaji wa afya ya jamii. Tunayachapisha hapa ili yawafikie wananchi wote wa kaunti.)



Nimeombwa nizungumze kuhusu homoni. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria uzazi wa mpango, au vijana wanaobaleghe. Ni kweli homoni zimo humo. Lakini zimo pia katika usingizi, njaa, kiu, joto la mwili, na hata ile nguvu ya kuamka alfajiri na kwenda shambani. Sitazitaja zote leo. Nitawaeleza juu ya tezi moja ndogo, na ajali moja inayoweza kuipata. Ajali hiyo hutokea siku ya kujifungua, na nyinyi ndio mnaoingia katika nyumba ambazo mama amerudi na mtoto mchanga.

Ubongo una njia mbili za kutuma amri mwilini. Ya kwanza ni mishipa ya fahamu. Ukitaka kushika sufuria, mkono unasogea papo hapo. Njia ya pili ni ya polepole lakini inafika mbali. Tezi humwaga kemikali kidogo sana katika damu, na damu huisambaza mwili mzima. Kemikali hiyo ndiyo homoni. Kila kiungo huitikia homoni inayokihusu tu, kama vile sokoni kuna simu mia moja lakini ukipiga nambari inalia moja.

Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi iitwayo pituitari. Ukubwa wake ni kama punje ya njegere. Juu yake kuna sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi. Haipothalamasi hupokea habari kutoka kila upande: kama mwili una baridi, kama sukari imepungua, kama kuna hofu, kama mtoto ananyonya. Kisha huiamrisha pituitari, na pituitari huziamrisha tezi nyingine. Huiambia tezi ya shingo itengeneze thairoksini, ambayo hutupa joto na wepesi wa mwili na akili. Huziambia tezi zilizo juu ya figo zitoe kortisoli, ambayo hutusaidia kustahimili ugonjwa, njaa na mshtuko. Huziambia ovari zilete hedhi. Na huyaambia matiti ya mama aliyejifungua yatengeneze maziwa.

Amri hizi hazitolewi ovyo. Mnalijua tangi la maji lenye boya ndani. Maji yakijaa, boya linapanda na kufunga mfereji. Yakipungua, linashuka na kufungua. Ubongo nao hupima homoni zilizo katika damu. Thairoksini ikitosha, pituitari hupunguza amri. Ikipungua, huongeza. Boya likivunjika, hata kama tangi ni zima na mfereji ni mzima, maji hayaji inavyotakiwa. Kumbukeni mfano huo, tutaurudia.

Sasa tuangalie siku ya kujifungua. Homoni kubwa siku hiyo ni oksitosini. Inatengenezwa katika haipothalamasi na kuhifadhiwa nyuma ya pituitari. Ndiyo inayoukaza mji wa mimba wakati wa uchungu. Kondo la nyuma likishatoka, mahali lilipokuwa limeshika panabaki na mishipa ya damu iliyo wazi. Mji wa mimba ukikaza, misuli yake huibana mishipa hiyo na damu husimama. Usipokaza, damu hutiririka. Ndiyo maana mkunga humdunga mama oksitosini mara tu mtoto anapozaliwa. Dawa ile ni homoni ileile ya ubongo, iliyotengenezwa kiwandani. Mwanakemia Vincent du Vigneaud wa Marekani ndiye aliyeiunda kwa mara ya kwanza mwaka 1953, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Inataka kuwekwa kwenye baridi, kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa hiyo friji ya zahanati ikiharibika, toeni taarifa siku hiyohiyo, kwa sababu oksitosini iliyopata joto hupoteza nguvu.

Oksitosini ndiyo pia inayosukuma maziwa nje. Mtoto akinyonya, habari hupanda kwa mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo wa mama, homoni inashuka kwa damu, na maziwa yanatiririka. Akina mama mnajua kwamba wakati mwingine ukisikia tu mtoto analia, leso inalowa. Huo ni ubongo. Na mnajua kwamba mama mwenye maumivu, hofu au aliyegombezwa, maziwa yake husita. Huo pia ni ubongo. Kwa hiyo anayemtuliza mama anayenyonyesha anasaidia chakula cha mtoto kushuka.

Nije sasa kwenye ile ajali. Wakati wa mimba pituitari hukua, kwa sababu inajiandaa kwa kazi ya maziwa. Inahitaji damu zaidi, lakini mishipa inayoilisha ina msukumo mdogo. Mama akivuja damu nyingi mno baada ya kujifungua, shinikizo la damu huanguka, na tezi hiyo iliyovimba ni miongoni mwa viungo vinavyokosa damu mapema. Sehemu yake ya mbele inaweza kufa. Mama anaokolewa, anarudi nyumbani, watu wanashukuru Mungu. Lakini boya limevunjika.

Daktari Harold Sheehan wa Uingereza aliueleza ugonjwa huu mwaka 1937, baada ya kuchunguza miili ya akina mama waliofariki kufuatia kuvuja damu wakati wa uzazi. Unaitwa ugonjwa wa Sheehan. Katika nchi ambako damu huzuiwa mapema na damu ya kuongezewa haikosekani, sasa ni nadra. Mahali ambapo mama huvuja damu nyumbani au njiani kwenda hospitali, bado tunapaswa kuujua.

Dalili ya kwanza mara nyingi ni kwamba maziwa hayaji kabisa, au ni machache mno, hata mtoto akinyonya vizuri. Kisha hedhi hairudi miezi inavyopita. Nywele za kwapani na za sehemu za siri zikinyolewa hazioti tena. Mama anahisi baridi wakati wenzake wanatafuta kivuli. Anachoka, anapata kizunguzungu akisimama, ngozi inapauka na kukauka. Anakuwa mzito wa kufikiri na kusema. Hamu ya tendo la ndoa inaisha. Dalili hizi huingia polepole, na mama anaweza kukaa miaka mingi bila kugunduliwa.

Fikirini sasa jinsi mama huyo anavyoonekana na jirani. Tumwite Mama Zawadi, jina la mfano tu. Hanyonyeshi, kwa hiyo anaambiwa hampendi mtoto. Anaota jua saa nne asubuhi huku vyombo havijaoshwa, kwa hiyo ni mvivu. Hashiki mimba nyingine, kwa hiyo amerogwa. Hataki kulala na mumewe, kwa hiyo ana mwingine nje. Kila mtu ana maelezo ya tabia yake, na hakuna anayeuliza swali moja: siku ile alipojifungua, alipoteza damu kiasi gani?

Hapa ndipo ninapowaomba sana. Uvivu, baridi na ukimya vinaweza kuwa upungufu wa thairoksini na kortisoli, vitu vinavyopimika kwa damu. Hatuwezi kumtibu mtu kwa maneno ya aibu.

Ugonjwa huu una hatari nyingine kubwa. Mtu asiye na kortisoli ya kutosha anaweza kuishi hivyohivyo miezi mingi, lakini akipatwa na malaria, homa ya mapafu au kuhara, mwili hauna akiba ya kustahimili. Anatapika, shinikizo na sukari vinaanguka, anazimia. Anaweza kufa kwa saa chache, na sisi tukasema malaria imemuua.

Habari njema ni kwamba matibabu yapo. Tezi iliyokufa hatuwezi kuifufua, lakini homoni zinazokosekana tunaweza kuzirudisha kwa vidonge: dawa ya kuziba pengo la kortisoli, kisha thairoksini. Utaratibu huo ni muhimu. Thairoksini ikianzishwa kabla ya kortisoli kurekebishwa, mgonjwa anaweza kuzidiwa ghafla. Kwa hiyo asijinunulie dawa dukani. Apimwe na daktari. Vidonge ni vya maisha yote, haviachwi ghafla, na siku za homa daktari huelekeza kuongeza dozi. Akivifuata, nguvu hurudi, na anarudi shughuli zake.

Lakini bora kuliko matibabu ni kuzuia damu isimwagike. Kwa miaka mingi tumehesabu nusu lita baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida kuwa ni nyingi mno. Shida ni kwamba macho hudanganya, hasa damu ikiingia kwenye shuka. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanywa Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha zaidi ya wanawake 200,000. Wakunga waliweka chini ya mama plastiki yenye mfuko wa vipimo ili waione damu kwa kipimo. Damu ikizidi, walifanya mambo yote kwa pamoja bila kungoja: kuusugua mji wa mimba kupitia tumboni, kutoa dawa ya kuukaza, kutoa dawa ya kusaidia kusimamisha damu iitwayo asidi ya traneksamiki, kuweka maji ya mshipa, na kumchunguza mama huku wakiita msaada. Kuvuja damu kukubwa na madhara yake vilipungua kwa asilimia 60. Dawa hizo hazikuwa mpya. Kilichobadilika ni kupima na kutochelewa.

Basi kazi yenu ni hii. Kabla ya kujifungua, kaeni na mama pamoja na mumewe au mama mkwe. Waamue atajifungulia kituo gani, nani atampeleka usiku, pesa za usafiri ziko wapi, na nani atakuwa tayari kutoa damu ikihitajika. Baada ya kujifungua, mkiona leso au pedi inalowa na kubadilishwa kila mara, au mama ana kizunguzungu na jasho baridi, hiyo ni dharura. Msingoje asubuhi. Mtoto awekwe titini, kwa kuwa kunyonya huleta oksitosini, lakini safari ya hospitali ianze wakati huohuo.

Mkimtembelea baadaye, mwulizeni kwa faragha mambo matatu. Je, alivuja damu nyingi, alizimia au kuongezewa damu? Je, maziwa yalikuja? Je, tangu aache kunyonyesha, au kama hakunyonyesha kabisa, hedhi imerudi? Kama alivuja damu na maziwa hayakuja au hedhi haikurudi, mpeni rufaa, na mwandike habari ya kuvuja damu waziwazi, ili daktari ajue pa kuanzia.

Niongeze tahadhari. Msitoke hapa mkamwambia kila mama aliyechoka kwamba tezi yake imekufa. Wengi wamepungukiwa na damu, wengine hawapati usingizi, wengine wana huzuni ya baada ya kujifungua, ambayo nayo ni ugonjwa unaotibika. Maziwa kidogo mara nyingi hurekebishwa kwa kumweka mtoto vizuri titini na kumnyonyesha mara kwa mara. Nyinyi hampaswi kutaja ugonjwa. Mnapaswa kuuliza, kusikiliza na kumfikisha mama kituoni.

Na kwa wazee waliopo: mkiletewa kesi ya mke asiyezaa tena, aliyepoa na asiyefanya kazi, kabla ya kuzungumzia mahari au talaka, ulizeni kama amepimwa. Swali hilo moja linaweza kuokoa ndoa na uhai.